Vifuko vya Mabilinganya

Jumatatu, 3 Machi
Banda la mimea chuoni limebomoka paa, basi mjukuu wangu kaniletea mibilinganya yake uani. Kila mmoja na ndoo yake! Sina hata pa kuanikia nguo. Anasomea shahada ya pili ya urithi wa mimea, na kutwa kainama na kibano, anayanyofoa maua sehemu za kiume. Nikamuuliza: chuoni mnahasi maua? Akasema ndiyo hasa. Kisha anayapaka unga wa ua la bilinganya la mwituni, lisilougua, na kuyavika vifuko vya kitambaa. Kanikataza kugusa. Darasa la nne niliishia, lakini kuambiwa mara moja kunanitosha.

Jumatano, 5 Machi
Mjukuu yuko chuoni. Jirani mshona nguo kachungulia, kauliza maua yangu yanaumwa nini hata yafungwe bendeji chafu. Chafu — uani kwangu! Nimevivua vyote, nikavifua, nikavianika, jioni nikavirudisha. Vinang'aa. Kama kuna shahada ya usafi, nipewe mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Mjukuu hajagundua. Nikamchokoza: vile vifuko ni urembo? Akanieleza taratibu kama mtoto. Vinazuia nyuki. Nyuki akileta unga wa ua jingine, mbegu haijulikani baba yake ni nani, na utafiti umekwisha.

Chai ikanipalia. Jumatano nyuki walijaa, niliwafukuza kwa taulo! Mimi, hodari wa kuhoji mimba za mabinti wa watu! Na mdomo huu, unaosema hata usipoulizwa, leo umefungwa kama kopo.

Jumapili, 9 Machi
Matunda yameanza kutunga. Anayaimbia, masikini. Mbegu zikikubalika, anamaliza masomo. Nikasingizia goti, nikaenda kulala. Goti halina hatia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia. Nilipanga kumtupia mshona nguo lawama zote, nikaona aibu.

"Vifuko nilivivua nikavifua. Nyuki walipita."

Akakata vitunda vyote, kimoja kimoja, akavitia kwenye karai. Nikamwambia nisute basi, unanitisha. Akakagua machipukizi ya maua yaliyobaki. Machache, na msimu unakwisha. Akaweka kigoda kando ya chake, akaninyooshea kibano.

"Bibi, kalete miwani."

Mikono hii! Uzi tu kuutia kwenye sindano naomba msaada. Nikiharibu na haya?

Anaita. Nimemjibu bado naitafuta miwani. Ninaandika nayo usoni. Anaita tena —