Mapera ya Mama Mtaalamu

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo, na kifua kimepona? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananidai ujana.

Mashine yako ya ozoni, ile ya kusafishia matunda, imefika. Nimeiweka sebuleni juu ya kitambaa nilichodarizi mwenyewe, asiyeiona hana macho. Mapera yanaingia kwenye beseni la maji, mpira unatoa mapovu, chumba kinanukia kama radi imetoka kupiga. Jirani yetu Redio alisimama mlangoni akasema, "Hilo si birika la umeme tu?" Nikamuuliza, "La kwako linaondoa sumu?" Sasa mtaa mzima unaniita Mama Mtaalamu.

Na kazi imekuwa nyepesi. Zamani nikipulizia dawa ya wadudu nasubiri wiki mbili ndipo nichume, huku ndege wanakula wakinicheka. Siku hizi napulizia asubuhi, jioni nachuma, mashine inamalizia. Mwalimu wa chekechea hanunui kwa mwingine. Nimekutumia boksi, uwaonjeshe wenzako wa maabara ya kupima mazao wajue ulikotoka.

Mama yako,
Mama Mtaalamu

9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa.

Sikuwaonjesha wenzangu. Nilikata mapera yako nikayapima. Majibu yalipotoka nilidhani nimechanganya matunda, nikapima upya. Yakaja yaleyale. Hatujawahi kupokea tunda lenye sumu kiasi hicho, mama, hata kutoka kwa wale tunaowakatalia mzigo.

Ozoni inapunguza dawa iliyobaki juu ya ganda. Dawa unayotumia wewe inazama kwenye nyama ya tunda, na huko mapovu hayafiki. Kinachoimaliza ni zile wiki mbili ulizoacha kusubiri.

Usiuze hata moja. Na mwambie mwalimu leo, wale ni watoto.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, mengine yamenikaa kooni. Mimi, nilishe watu sumu?

Kuuza nimeacha. Lakini la mwalimu niachie. Nitamwambia mti umeugua. Watu wameniona nikitamba na ile mashine, unataka nitembee uchi mtaani? Redio atatangaza mwaka mzima, na jina lako litamwagwa pamoja na maji ya beseni.

Mama yako

15 Machi

Mwanangu,

Ile barua ya jana ikitangulia kufika, ichome. Afya yangu niulize siku nyingine.

Leo asubuhi nilikwenda chekechea na uongo wangu wa mti. Kumbe mapera ya mwisho mwalimu alikuwa ameyatunza kwenye friji kama dhahabu. Mtoto mmoja, wanamwita Mapengo, ameshika pera kwa mikono miwili linaelekea mdomoni. Sijui nilifikaje pale. Nimemnyang'anya, mwanangu. Mtu mzima mimi, nimemnyang'anya mtoto tunda. Akalia, wenzake wakadakia, mwalimu akaduwaa na kisu mkononi.

"Mama Mtaalamu, kulikoni?"

Nilifungua mdomo niseme mti umeugua, maneno yakagoma. Nikasema yote, wazazi wakiwa pale mlangoni.

Watoto wamepelekwa zahanati. Daktari hajaona dalili mbaya, ila amesema warudishwe wiki ijayo. Nilikaa benchi moja na mama yake Mapengo. Hakunisalimia, na sikumlaumu. Wiki ijayo nitakwenda nao tena, asiponisalimia pia nitakaa.

Mashine nimeitoa sebuleni. Mahali pake nimetundika kalenda, ya kuhesabia zile wiki mbili.

Jioni Redio akanikuta uani nafukia mapera shimoni. Nikangoja acheke. Akauliza, "Na nani aligundua?"

Nikanyoosha mgongo, jembe mkononi. "Mwanangu. Kanipima mimi mama yake, na hakunificha. Wewe unaye wa kukupima?"

Alikwenda kwake, akarudi na koleo, tukafukia pamoja.

Mama yako,
bado Mama Mtaalamu