Polo ya Juu ya Paa

Karachi, 12 Machi 1995

Baba yangu,

Salamu zitafuata. Kwanza nikuambie kilichonishikisha kalamu. Jana nilikuwa nimeinamia hadubini maabarani, feni inalalamika juu ya kichwa changu, mara nikasikia zumari ya Ustad Mukaram ikipiga wimbo wako. Ile sauti ya kwanza ndefu, inayopanda kama inayotafuta mahali pa kutua, kisha ngoma mbili zinaidaka. Nikainua kichwa. Ilikuwa feni tu. Lakini mkono wangu ulikuwa umesimama hewani, vilevile kama ulivyokuwa ukisimama mkono wa Mama.

Wewe ulikuwa uwanjani juu ya farasi, hukuwahi kutuona. Tulikuwa tukikaa paani, mimi na yeye na Shangazi Nigar, tukianika aprikoti. Kwa sababu ya miti ya mierebi hatukuona kitu ila vumbi. Lakini mtu akifunga goli zumari inapiga wimbo wake, na kila mchezaji ana wa kwake, basi sisi tulihesabu mchezo mzima kwa masikio. Ukipigwa wako, Mama alisimamisha mkono na kusema, "Haya, mwendawazimu wangu amefunga."

"Na shingo yake bado ipo?" Shangazi alimuuliza.

"Zumari haijasema."

Sasa salamu. Ya Ali Madad, Baba. Natumaini mu wazima, wewe na Shangazi na ng'ombe, na farasi wako Samandi, ambaye najua ulitaka nimtaje kabla ya binadamu. Mimi sijambo. Nakula, nalala, chumba changu kina dirisha.

Nimepewa likizo yangu ya kwanza, siku kumi na mbili, mwanzoni mwa Julai. Mwenzangu wa maabara, Nasrin, mzaliwa wa hapahapa Karachi, aliniuliza nitakwenda wapi. Nikamjibu, "Kuangalia polo." Akacheka. "Wewe umezaliwa huko kwenye farasi, hujachoka tu?" Nikaona aibu kumjibu. Nina miaka ishirini na sita na sijawahi kuiona polo. Kila mwaka ulisema, "Mwakani nitakupeleka." Mwakani ukawa mwaka wa shule ya Gilgit, ukawa mwaka wa chuo, ukawa mwaka wa kumzika Mama.

Nasrin na kaka yake wanakwenda Shandur kwenye mashindano ya polo ya Julai, na hemani kwao kuna nafasi. Au nije nyumbani Taus, nikuone kwenye uwanja wetu. Wewe utakuwa wapi? Nichagulie. Ninachotaka ni kimoja: kukuona ukifunga goli, kwa macho yangu, hata mara moja.

Binti yako,
Gulsambar


Taus, 9 Aprili 1995

Mwanangu kipenzi,

Ya Ali Madad. Barua yako ilifika na gari la unga la Gupis, imechafuka lakini inasomeka. Sisi tuko salama. Ng'ombe amezaa. Shangazi yako anaumwa goti na anamlaumu kila mtu isipokuwa goti.

Umeniuliza juu ya polo. Shandur usiende. Mchana jua linakubabua pua, usiku maji yanaganda ndooni. Utaona migongo ya watu na kofia zao, basi. Gilgit wanacheza Novemba, likizo yako itakuwa imekwisha. Hapa Taus usifikirie kabisa. Mfereji umepasuka na uwanja umekuwa kama shamba la mpunga.

Nenda Skardu. Wana uwanja mzuri, wana bustani, na watu wake ni wapole. Kwa mtu anayeanza, Skardu inatosha.

Binamu yako Taighun nilipomwambia unataka kuangalia polo alisema, "Mjomba, huyu si ndiye aliyekuwa akilia kuku akichinjwa?" Nikamwambia kwenye polo hakuna kuku.

Mambo ya mimi kucheza usiyahangaikie. Samandi ni mzima. Anakula kama mgeni.

Baba yako


Karachi, 2 Mei 1995

Baba,

Ya Ali Madad. Nafurahi kwa ndama, na nampa pole Shangazi na goti lake. Afya yangu ni njema. Moyo wangu sijui.

Barua yako niliisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Kwanza, mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la pili, maneno manne kwa mstari. Nilidhani unanitania. Pili, Skardu. Skardu hatuna mtu, Baba. Umenituma mahali ambapo nina hakika ya kutokukuona.

Halafu wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa Taus akaniletea kanda ya kaseti kutoka kwa Shangazi. Ni mchezo wa mwisho wa Machi. Niliizima feni, nikafunga dirisha, nikasikiliza nimeketi sakafuni. Nimesikia wimbo wako mara mbili. Mara mbili, Baba! Kwenye huohuo uwanja ulioniambia ni shamba la mpunga.

Nililia kwa furaha, kisha nikaanza kuumia. Unacheza, unafunga, na hutaki nije. Kama ni aibu ya binti wa Mirza Wafi kuonekana kwenye ukuta wa uwanja katikati ya wanaume, niambie tu. Mke wa mwalimu mkuu alikaa pale mwaka juzi na mbingu haikuanguka.

Na kuna kitu kimoja nimekiwaza tangu nina miaka minane. Wimbo ukianza, watu hupiga kelele, kisha kinaingia kimya kifupi, kisha *ta!*, kisha kelele kubwa kuliko za mwanzo. Kwenye kanda kipo pia. Ndani ya kile kimya huwa kuna nini? Mama hakujua. Alisema, "Labda wanakunywa maji."

Nimemwambia Nasrin aniwekee nafasi hemani. Wakikuchagua kwenda Shandur nitakuona huko, upende usipende.

Gulsambar


Taus, 18 Juni 1995

Mwanangu,

Ya Ali Madad. Najua umesubiri. Barua yako imelala chini ya mto wangu zaidi ya mwezi, na mimi nimelala juu yake bila usingizi.

Magoli mawili ya kwenye kanda si yangu. Ni ya Taighun, juu ya mgongo wa Samandi.

Mwaka juzi, wakati wa kuvuna matunda ya mijozi, mpira ulinipiga jicho la kushoto. Niliwakataza wote wasikuandikie. Halafu la kulia nalo likaanza kumfuata mwenzake. Daktari wa Gilgit alinimulika kwa taa yake akasema kilichokwenda kimekwenda. Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazibwa kidogokidogo. Ndiyo maana ya mwandiko. Haya unayoyasoma nimeyaandika kwa siku nne.

Farasi kama yule hawezi kukaa bure. Nikampa Taighun. Nikamwambia Ustad Mukaram, "Farasi yule, wimbo ule." Ustad akakataa. "Mirza, mtu huacha wimbo wake akifa."

Nikamwambia, "Basi nipigie sasa hivi, nisikie nilivyokufa."

Akacheka, akaweka zumari mdomoni. Hakuweza kuumaliza, lakini tangu hapo humpigia Taighun.

Barua zako huwa nasomewa na Taighun, naye husoma kama anayenadi mbuzi, mtaa wote unajua ulivyonikasirikia. Lakini alipofika pale ulipoandika "mara mbili, Baba", aliacha kusoma. Akaikunja karatasi. "Mjomba, mwambie. Mimi siwezi kuyabeba magoli haya."

Siku za mchezo nakaa paani na Nigar. Mama yako alikaa hapa miaka ishirini na mbili, na kila nilipopanda kuja kunywa chai nilimsimulia mimi tu. Sikumuuliza hata siku moja yeye alisikia nini. Sasa najua. Kule chini hakuna nafasi ya kuogopa. Hofu yote huwa huku juu.

Ule ukimya ulioniuliza. Ukishafunga goli unaushika mpira mkononi pamoja na fimbo, unatimua mbio hadi katikati ya uwanja, wote wako nyuma yako. Hapo unaurusha juu na kuupiga ukiwa hewani. Watu hunyamaza wakati mpira uko juu. Nilikuwa nikiutazama mpira na nyuma yake mlima, na sikuwaza kitu chochote. Mama yako hakukosea sana. Ni kama kunywa maji.

Ulitaka kuniona. Umechelewa, na aliyekuchelewesha ni mimi na "mwakani" yangu. Sikukuficha kwa aibu ya wewe kukaa ukutani. Nilikuwa na aibu ya wewe kunikuta nimekaa paani.

Nenda Shandur, mwanangu. Angalia kwa macho yote mawili, kisha niandikie.

Baba yako


Gupis, 5 Julai 1995

Baba yangu,

Ya Ali Madad. Nimefika Gupis salama, mgongo umekufa ganzi na nywele zimejaa vumbi. Gari la Taus limejaza unga, halina nafasi ya mtu mpaka kesho. Barua haihitaji kiti, kwa hiyo itanitangulia.

Asubuhi hii tulifika njia panda ya Shandur na Taus. Dereva akauliza, "Wote Shandur?" Nasrin akasema, "Wote!" Mimi nikasema, "Simama."

"Una wazimu?" Nasrin alinishika mkono. "Umetuimbia Shandur miezi minne!"

"Lala katikati," nikamwambia, "hema litakuwa pana."

Kaka yake alinishushia sanduku bila kuuliza. Nadhani alifurahia nafasi.

Daktari wa macho wa hospitali yetu nilimsomea barua yako. Alisema yaleyale ya mwenzake wa Gilgit, ila amenipa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Nimeibeba ndani ya soksi isivunjike. Utaitia asubuhi na jioni, na usibishe.

Dereva wa unga ameniambia Ijumaa kuna mchezo Taus, wa wale ambao Shandur hawakuchaguliwa, na kwamba Taighun atacheza, na kwamba Ustad Mukaram amebaki kwa sababu magoti yake yameungana na goti la Shangazi kumpinga. Hatutakaa paani. Tutakaa ukutani, wewe kulia kwangu, na Shangazi tutambeba akitaka. Zumari ikilia wewe utaniambia goli ni la nani. Kikija kile kimya mimi nitakuambia mpira uko wapi.

Sitakuona ukifunga. Hilo nimelilia kutoka Rawalpindi hadi Gilgit. Mzee wa kiti cha pembeni alidhani ni kichefuchefu, akaninyonyesha ndimu njia nzima.

Nimeandika kwa herufi kubwa, maneno manne kwa mstari, kurasa kumi na moja, ili usimpe Taighun akusomee. Isome mwenyewe, polepole. Gari la Shandur limeshapotea nyuma ya mlima. Mimi nimekalia sanduku langu kando ya barabara ya kuja kwetu.

Binti yako,
Gulsambar