Tulivyomwamkia Bingwa wa Barafuni

Bellevue, Johannesburg
Julai 2012

Shikamoo Mama. Baridi ya huku inauma hadi meno, lakini dada Neema ananishindilia pap, ugali wa huku, na supu ya utumbo, usihofu.

Jana alinipeleka kazini kwake, ukumbi wa michezo ya barafuni anaousafisha. Tukamkuta bibi mmoja Mskoti, mvi tupu, amekuja kumtembelea mwanawe. Kumbe alikuwa bingwa wa nchi yao katika mchezo wa mawe barafuni. Tangu utotoni, ziwa la kwao likiganda, anatelezesha jiwe zito lenye mpini kama wa birika, na wenzake wanafagia mbele yake ili lifike mbali. Medali alikuwa nayo mkobani. Akatugawia fagio, akasema jiwe likiingia kwenye duara lililochorwa upande wa pili wa barafu, tutaivaa hiyo medali.

Akalisukuma, tukafagia. Lakini naye akawa analifuata nyuma, na alipotukaribia tuliacha kufagia, tukasogea pembeni, tukainama kumwamkia, kama ulivyotulea. Jiwe likafia njiani.

"Mbona mmeacha?"

Neema akamweleza kwamba kwetu humfagilii mtu mzima miguuni anapopita. Bibi akacheka mpaka akakaa kwenye barafu. "Maisha yangu yote nimewafokea wafagiaji," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniamkia."

Mara ya pili tulimfagilia bila haya mpaka duarani. Ile medali ni nzito, Mama.

Nimekukumbuka sana. Nikirudi, ukipita uani ukaniona naendelea kufagia, usinichape. Nimefundishwa na bingwa.

Mwanao,
Zawadi