Jiwe la kando ya Ruzizi

Jumamosi, jioni.

Wiki nzima niliwasifia wanafunzi wangu lile jiwe. Kwamba liko kando ya mto Ruzizi, pale watu walikuwa wanapumzika Jumapili na kuangalia viboko, na kwamba Wabelgiji walichonga juu yake namba za mwaka walioanzisha kivuko. Leo nikawapeleka. Kwenye kizuizi askari alitupa saa moja tu.

Jiwe tulilikuta chini ya sufuria. Wakimbizi kutoka Kamanyola wamejaa pale, na mama mmoja amelifanya figa lake. Maandishi yote yamefunikwa na masizi.

"Mama, tunaomba tulisome kidogo," nikamwambia.

"Ngoja kwanza maharagwe iive, mwalimu. Watoto hawajakula tangu jana."

Tukangoja. Saa ikaisha, maharagwe bado magumu, tukarudi bila kusoma hata namba moja. Miye nilinuna njia nzima, na sijui nilikuwa namnunia nani.

Nyumbani nimemkuta mke wangu anafunga nguo kwenye mifuko. Majirani wanasema vita inakuja huku.

"Sufuria nayo tunabeba?" akaniuliza.

"Beba," nikamwambia. "Mawe tutayapata huko."