Mchachu wa Juu ya Shamba la Iliki

Jumapili, 7 Agosti

Nimkit amepiga simu. Binti yangu – daktari wa majani, aliyesomea mimea, si wa sindano, na nimechoka kuwaeleza watu tofauti yake. Wa kwanza bonde hili lote kusoma hadi huko. Wa pili hajazaliwa.

Anasema ile picha ya mchachu niliyompelekea imemkosesha usingizi. Mchachu! Huu huu unaoota kwenye miamba juu ya shamba letu la iliki, tunaovunja shina tukatafuna kiu ikibana, tunaopondea pilipili. Kitaalamu ni bigonia. Ukoo mkubwa, anasema, una milango mingi kama ukoo wa baba yake, na huu wetu hajui ni wa mlango gani. Shina lina manyoya mekundu. Jani upande mmoja kubwa, wa pili dogo – ila hilo ni la ukoo mzima, mama, usishangilie bado.

Huenda haumo kwenye kitabu chochote. Duniani kote.

Shida: picha ina maua dume tu. Shina moja huzaa dume na jike, na dume hutangulia. (Kama kwenye sahani, nikamwambia.) Ua jike lina kifuko chini yake, chenye mabawa. Kikikomaa unakikata katikati, unahesabu vyumba. Vikiwa viwili, ni mmea unaojulikana tangu zamani, uliokaushwa na kuwekwa ng'ambo kabla babu yangu hajazaliwa. Vikiwa vitatu, ni kitu kingine.

Atakuja Septemba, kazi ikimruhusu. Mpaka hapo mlinzi ni mimi.

Jumanne, 9 Agosti

Nimemwambia wifi Ongkit tu.

Haya, na wale wanawake wawili waliokuwa wakipalilia naye. Na mwenye duka.

Wifi akasema: "Mtoto asome miaka yote hiyo, halafu aje kutuonyesha mchachu? Si ungemwonyesha wewe hata kabla hajaota meno?" Nikamjibu kwamba meno ya mwanangu yaliota mapema, kama kila kitu chake.

Nikawaambia utaitwa kwa jina la Nimkit. Nilipompigia kumpa habari hakufurahi. Eti mtaalamu haupi mmea jina lake mwenyewe, kwao ni aibu. Basi uitwe kwa la mama yake, nikasema. Akacheka. Hakukataa – naandika hivyo hivyo. Hakukataa.

Chopel anasema nishuke kidogo, huko mawinguni nitapata mafua. Mume wa kunitania sikuomba, nilipewa.

Jumapili, 14 Agosti

Wageni! Kijiji cha chini karibu chote. Habari zimefika huko bila mimi kupiga hatua. Nikawapandisha hadi miambani, nikawaeleza dume na jike, mabawa, vyumba. Walinisikiliza kama wanavyomsikiliza lama, mtawa wetu, akihubiri. Nilimaliza vizuri sana, kwa sauti ya chini, kama Nimkit anavyofanya.

Kisha nikatazama miguuni.

Maganda kila mahali. Kila aliyefika alikuwa amevunja shina lake, amelimenya, anatafuna. Njia ni ya kupanda, kiu, na mkono wa mtu wa huku ukiuona mchachu hauombi ruhusa. Mama mmoja alikuwa amejaza kikapu, apate cha kupondea pilipili jioni. Na mimi nilikuwa na kijiti shavuni. Muda wote ule nahutubia, nautafuna ukoo wenyewe.

Maua jike yamekwenda pamoja na mashina. Nimetafuta hadi mvua ikanifukuza.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimepanda hadi kwenye bendera za maombi kileleni, ndipo mtandao unaposhika siku za mvua. Nikamwambia yote. Kisha akauliza: "Na ulikuwa mtamu, mama?" Mtoto huyu! Tukacheka. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, nilisikia sauti ilivyoshuka baadaye, alipouliza kama kuna mahali ambapo watu hawafiki. Bila kifuko hana kitu, ni picha tu.

Mahali papo. Nyuma ya maporomoko madogo, mwamba unaoteleza. Chopel alinifunga kamba kiunoni akaishika yeye, akilalamika kwamba mtu anayetaka kupewa mmea jina lake angepunguza kwanza wali.

Shina moja lipo. Maua jike mawili, meupe, pembeni yana haya ya waridi.

Jumamosi, 20 Agosti

Tumeziba njia kwa uzio wa mianzi. Wifi amekuja bila kuitwa, akakaa hapo na sufu zake anafuma. Mwanamke mmoja aliomba apite achungulie tu. Wifi akamwambia: "Pita, dada, ila kwanza nikushone mdomo. Uzi ninao." Akarudi zake.

Sikumshukuru. Nilimpelekea pombe ya ulezi ya moto, kikombe cha mwanzi cha kwanza, kabla ya Chopel. Ameelewa.

Jumatano, 31 Agosti

Mvua tangu juzi. Jike moja limeanguka. Lililobaki limepukutisha petali, kifuko kinavimba. Bawa moja limeyapita mengine, limenyooka kama mtoto anayejua jibu darasani. Nimkit alikuwa hivyo. Mwalimu alikuwa akimwambia ashushe mkono, wengine nao wapate.

Jumapili, 4 Septemba

Bado lipo.

Jumamosi, 10 Septemba

Amekuja. Barabara imekatika, katembea toka kwenye daraja. Matope magotini. Amekonda, mzuri vilevile. Hakukaa hata kula, akaenda mwambani. Kamba aliikataa, nikafumba macho.

Amechukua shina na kifuko chake, mzizi ameuacha uchipue. Shina kalilaza kati ya magazeti. Kifuko akakikata kwa wembe, hapa, kwenye meza yangu ya kukandia unga. Akaangalia kwa lenzi. Akanipa lenzi mimi. Akasema: "Mama, usiniambie ninachotaka kusikia. Niambie unachoona."

Nikahesabu. Nikageuza, nikahesabu tena. Vitatu. Na mbegu ndani kama vumbi.

Alikaa chini akaniegemea goti, kama zamani. Akasema bado kuna safari. Alinganishe na ile mimea mikavu ya ng'ambo, wakubwa wake wasome, huenda mwaka mzima. Na mpaka hapo asijue mtu. Bonde likisikia leo, kesho wote wako mwambani, uzio au bila uzio, na ule mzizi hautaona mvua nyingine. "Hata shangazi, mama. Niahidi." Nimeahidi. Baba yake akakohoa kidogo.

Kwa hiyo naandika hapa, upesi, ndipo pekee ninaporuhusiwa. Vitatu. Mwanangu. Vitatu.

Wifi ameshafika barazani, nyuma yake naona vichwa kama sita. Anaita: "Wifi, mbona kimya hivyo? Wewe kunyamaza si kawaida. Kuna msiba?"

Nimkit ananitazama. Chopel ananitazama. Na mdomo wangu, nauona kwenye kioo cha dirisha, umeshaanza kutabasamu wenyewe –