Pumua Nje, Usijikunje

Tarehe 4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mke wangu hajambo, nyumba ipo, majirani wapo na kelele zao. Mimi usiniulize. Simu zako nimeziona, sikupokea kwa sababu kuta za hapa ni karatasi tupu. Nikikohoa, jirani ananipa pole. Ndiyo maana nakuandikia.

Uvimbe wameutoa, utumbo wameukata, na choo changu sasa kinatokea tumboni. Ndiyo, tumboni, upande wa kushoto, kwenye kijitundu chekundu kama mdomo wa mlevi, kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Haya, nimeshaandika. Kinatoa mlio wakati wa kula, dada! Mfuko unajaa vuguvugu juu ya ngozi yangu kama kitu chenye uhai. Mimi niliyekuwa nikifungua kopo la rangi nikajua kwa kunusa tu kama limeharibika, sasa najinusa mwenyewe mchana kutwa.

Nimehamia stoo, kwa makopo yangu. Nakula kidogo sana ili mfuko usijae. Tumbo limelegea kama gunia tupu. Ngazi ya kazi siigusi, na hata kuinuka kitandani navuta kamba niliyoifunga dirishani. Wewe na nyonga yako mbovu umefanya mazoezi nyumbani miaka yote. Nichagulie ya kukaza tumbo. Ila yasiwe ya kunilazimisha kulitazama.

Mdogo wako,
Fundi Rangi


Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa umeandika kama mtu anayemsuta adui. Mimi sijambo, nyonga nayo iko palepale, inabashiri mvua kuliko redio. Kazini bado napokea simu za bima: watu wamegongana magari, na hakuna mwenye kosa hata mmoja.

Kwanza kula. Hakuna aliyekufa kwa kunusa choo chake, lakini njaa inaua.

Nimemuuliza mtaalamu wa viungo anayenitazama nyonga. Amesema usijikunje kuinua kichwa na mabega, usinyanyue miguu yote miwili kwa pamoja, wala usijiinue kwa viwiko na vidole vya miguu. Nguvu yote itakimbilia pale ukuta wa tumbo ulipokatwa, na ukuta mbichi hausukumwi, wewe fundi unajua. Mwulize na muuguzi wako kabla ya kuanza.

Lala chali, kunja magoti, pumua nje polepole huku ukivuta tumbo la chini ndani, taratibu, kama anayefunga suruali iliyombana. Kisha gandamiza kiuno kwenye godoro, achia. Magoti yakiwa pamoja, yalaze kidogo huku, kidogo kule. Na ukitaka kuinuka, geuka ubavu kwanza, ujisukume kwa mkono. Hiyo kamba ikate! Mimi kulala ubavu siwezi, nyonga inapiga yowe, kwa hiyo yangu nafanyia kwenye kiti, naliinua goti moja moja. Kila mtu anachagua kwa mwili alionao, si kwa mwili wa jirani.

Ukikohoa, weka mkono juu ya mfuko, ushikilie. Najua umeshakunja uso. Uweke hivyo hivyo.

Na wifi yangu anasemaje?

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Asante kwa barua. Mkono siuweki.

Hayo mazoezi yako ni ya kumlaza mtoto. Nimepata video ya jamaa mmoja, tumbo lake limepangika kama matofali, naye anajikunja mpaka sakafu inalowa. Ndiyo ninayofanya. Jasho langu angalau linatoka mahali linapostahili kutoka.

Wifi yako aliniletea chakula akanikuta nimevua shati. Akatazama pembeni, akameza mate. Nilimwona. Simlaumu, hata mimi ningekuwa na mlango wa kutokea mwilini mwangu ningetoka. Sasa nafunga komeo, sahani aiache nje.

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Acha hiyo video. Acha leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Sijui hata nikusalimie vipi. Nimempigia wifi yangu. Nikauliza, "Mgonjwa wetu yukoje?" Akasema, "Muulize mwenyewe," akakata simu. Tangu muoane sijawahi kusikia sauti yake ikiwa vile. Nimeomba ruhusa kazini. Ukikaa kimya tena, nakuja, nyonga ipende isipende.

Dada yako


Tarehe 17 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Tuko hai wote wawili, usifunge mizigo bado.

Ilikuwa asubuhi. Najikunja, jamaa wa video ananihesabia, mara nikahisi kitu kimeachia ndani. Kando ya tundu pakatuna donge kama ngumi. Mfuko ukabanduka, vyote vikamwagika, kifuani, kwenye godoro, mpaka kwenye brashi zangu. Kuinuka siwezi. Nikaita.

Wifi yako alisukuma mlango mpaka komeo likang'oka. Akaniona. Akageuka, akatoka mbio, nikamsikia anatapika uani. Nikasema moyoni, huyo ameshaenda.

Akarudi na ndoo na matambara.

"Toka," nikamwambia. "Utaona kinyaa."

"Kinyaa ninacho," akasema. "Nani kakwambia sina? Nimetapika, nimemaliza. Geuka."

Akanifuta huku ananitukana. "Na ulivyokonda! Ulikuwa unanificha nini, mbavu?" Nikamuuliza kuhusu siku ile aliyomeza mate. Akasema, "Ulikuwa unanuka, wewe na makopo yako." Hakunidanganya, dada. Sijui kwa nini jibu hilo ndilo lililoniliza.

Muuguzi amesema ni ngiri. Nikilala inarudi ndani, kwa hiyo kwa sasa ni mkanda wa tumbo, upasuaji utaamuliwa baadaye. Maumivu yakizidi na mfuko ukabaki mtupu, tukimbilie hospitali. Ngazi nisahau mwaka huu. Akauliza nani alinifundisha kujikunja. Nikamweleza yule wa matofali. "Na yeye ana tundu?" akauliza.

Nimerudi chumbani. Nafanya yale uliyonichagulia, baada ya muuguzi kuyakubali, na mkanda nimevaa. Usidhani nimeuzoea mfuko. Nauchukia, ukijaa roho inanichafuka vilevile. Jana nilikuwa chali, nimekunja magoti, napumua, na wifi yako amekaa ukingoni mwa kitanda. Tundu likatoa mlio mrefu, harufu ikafuata. Akakunja uso, akaenda kufungua dirisha, akarudi, akaketi palepale.

"Endelea," akasema. "Pumua nje."

Mdogo wako