Paukwa ya Mama

Ibra

Mjukuu wangu Rauhiya,

Marahaba, shikamoo yako imenifika kutoka huko Japani. Sisi hatujambo, ila babu yako bado hasemi tangu alipougua, na mvua imetuharibia tende.

Umeniuliza habari za yule mshairi unayemsoma, mwanamke aliyemzika mwanawe wa pekee, kisha maisha yake yote akawatungia watoto wa watu mashairi ya paka na theluji. Unasema lazima moyo wake ulikuwa mgumu. Usimwonee, mjukuu wangu.

Tulipohamia hapa Uarabuni kutoka Unguja, mdogo wangu Nasoro alifariki. Alivyoumwa sitaki kuandika. Mama alipoanza hadithi kwa kusema "Paukwa," Nasoro ndiye aliyekuwa akiitika "Pakawa" kabla yetu sote.

Baada ya hitima, mama aliwaita watoto wa jirani, Waarabu watupu, wasiojua Kiswahili hata neno moja. Akawafundisha kuitika. Shangazi alikasirika, akamwambia, "Umeshamsahau mwanao mara hii?"

Mama aliwageukia watoto, akasema, "Paukwa."

"Pakawa," wakaitika wote kwa kelele.

Mama akautazama mlango, ndipo akaanza kusimulia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.

Alikuwa hivyo mpaka alipokufa. Watoto wakishaitika wote, yeye alingoja kidogo, kama vile yuko mmoja ambaye bado hajaitika.

Yasome tena mashairi ya huyo bibi, taratibu.

Nakuombea salama,
Bibi yako Zuwena